Kwenda Kodiak: maswali yanayoulizwa sana kuhusu dubu, samoni, feri na mvua

Haya ndo maswali watu wanayouliza kila ukitaja kisiwa cha Kodiak, Alaska, hasa Waswahili wenzetu walioko Marekani na Kanada wanaotafuta pa kwenda kiangazi, na wachache walioko nyumbani wenye mpango wa kuja huku. Nimeyajibu kadiri ya uzito wake, mengine kwa kirefu mengine mstari mmoja basi. Ila kabla hujasoma chochote shika hili: Kodiak kila kitu kinafuata samaki. Dubu anafuata samaki, tai anafuata samaki, boti, viwanda, bei ya vyumba, vyote hivyo. Ukipanga safari kwa kufuata likizo ya ofisini kwako bila kuangalia samaki wako wapi mwezi huo, utalipa hela nyingi uone mvua.

Kodiak iko wapi hasa?

Alaska, kusini, kwenye Ghuba ya Alaska. Bara iko ng'ambo ya mlango wa bahari wa Shelikof, upana wake kama kilomita 50 hivi, na hayo maji si ya mchezo. Kisiwa chenyewe kina ukubwa wa kilomita za mraba 9,300 hivi, yaani Unguja na Pemba ukiziunganisha bado hazifiki theluthi yake, na kwa Marekani nzima kinachokizidi ni kile kisiwa kikubwa cha Hawaii tu. Afu eneo lote hilo, pamoja na visiwa vya pembeni, lina watu kama elfu 13. Mji wa Kodiak una watu 5,500 hivi, waliobaki wako pembeni ya mji, kwenye kambi ya walinzi wa pwani, na kwenye vijiji sita vidogo ambavyo huwezi kuvifikia kwa gari: Akhiok, Karluk, Larsen Bay, Old Harbor, Ouzinkie na Port Lions.

Nina pasi ya Tanzania (au Kenya, Uganda, Kongo), nahitaji viza gani?

Viza ya kawaida ya kutembelea Marekani, kama kwa sasa inatolewa kwa pasi yako (ulizia ubalozini kwanza), hamna viza ya peke yake ya Alaska. Ukishaingia nchini safari ya Kodiak ni ya ndani. Lakini sikiliza hapa maana watu wanakwama: ukitaka kuendesha gari kutoka majimbo ya chini, yale yaliyo kusini ya Kanada, mpaka Alaska unapita Kanada, na Kanada inataka viza yake, unaenda na unarudi. Ukiwa na makaratasi ya Marekani ambayo bado yanashughulikiwa usijaribu kabisa hiyo njia ya barabara, panda ndege moja kwa moja kutoka Seattle kwenda Anchorage, inachukua saa tatu na nusu hivi na hugusi mpaka wa mtu.

Nafikaje huko kisiwani?

Njia ni mbili, ndege au feri.

Ndege ni kutoka Anchorage, kama kilomita 400, saa moja tu hewani. Inaonekana rahisi na siku ya jua ni rahisi kweli. Tatizo ni ukungu na upepo. Uwanja wa Kodiak uko kando ya bahari na mlima uko pale pale mwisho wa barabara ya kurukia, kwa hiyo rubani akiona hali haieleweki anageuza, mnarudi Anchorage mlikotoka, na hakuna wa kumlaumu. Hili linatokea kiangazi pia. Ndo maana wenyeji wote watakwambia usiweke ndege yako ya kimataifa kesho yake asubuhi baada ya kutoka Kodiak, weka siku moja au mbili za akiba Anchorage. Watu wanaona ni kupoteza siku, mimi naona ndo bima ya bei nafuu kuliko zote.

Feri ni ya jimbo la Alaska. Unaendesha kutoka Anchorage mpaka Homer, kilomita 350 na kidogo, barabara nzuri sana kwa macho, unapanda meli pale na gari lako, na baada ya saa tisa au kumi uko Kodiak. Meli inayojulikana zaidi kwenye njia hiyo ni Tustumena, iko kazini tangu 1964, kwa hiyo ni chombo cha makamo na huwa inaingia gereji. Haiendi kila siku. Ratiba angalia mapema na uangalie tena wiki ya safari. Na kama bahari inakusumbua meza dawa kabla ya kupanda, usisubiri uanze kutapika, kwa sababu hapo katikati maji yako wazi na meli inacheza kwelikweli. Faida yake ni kwamba ukiwa juu ya deki unaona nyangumi, simba bahari na ndege wa baharini bila kulipia utalii wowote wa ziada.

Mwezi gani ni mzuri?

Inategemea unataka nini, lakini kwa mtu wa mara ya kwanza mimi nasema kati ya mwanzo wa Julai na mwisho wa Agosti. Sababu ni samaki.

Mwisho wa Mei na Juni wanaanza kupanda samoni wekundu, hawa ndo watamu kwa watu wengi. Julai wanaongezeka wale wa pinki, wadogo lakini wengi mpaka mto unaonekana unatembea, na samoni wa aina ya chamu pia. Mwisho wa Agosti mpaka Septemba hata Oktoba kidogo ndo zamu ya samoni wa fedha, hao wavuvi wa fimbo wanawapenda kupita maelezo maana wanapigana. Samoni king, wale wakubwa, wanapanda mito michache hasa Karluk na Ayakulik mwezi Juni, ila miaka ya karibuni wamepungua na serikali inafunga au kubana uvuvi wao mitoni, usiwategemee.

Samaki hawa wanazaliwa mtoni, wanaenda kukaa baharini miaka, afu wanarudi kwenye mto ule ule waliozaliwa, na harufu ya maji ya kwao ni sehemu kubwa ya kinachowaongoza. Wakishataga wanakufa, wote. Mizoga inalisha dubu, tai, mbweha, wadudu, mpaka miti ya kando ya mto. Ukifika Septemba mwishoni kuna harufu, tusidanganyane.

Mei ni baridi bado na kijani hakijashika vizuri, lakini kuna ile Kodiak Crab Festival mwisho wa mwezi, wanafanya tangu 1958, mji unachangamka. Kuanzia Novemba mpaka Machi nenda kama una sababu yako binafsi.

Nitaona dubu kweli?

Ukienda wakati sahihi na mahali sahihi uwezekano ni mkubwa sana. Wapo kama 3,500 kisiwani na visiwa vya jirani. Ni dubu wa kahawia, jamii moja na wale wa bara, ila hawa walitengwa na wenzao tangu barafu ya zamani iyeyuke, miaka 12,000 hivi iliyopita, na kwa kuwa chakula kipo tele wamekuwa wakubwa ajabu. Dume kubwa linaweza kufika kilo 680. Kwa ukubwa anayeshindana nao ni dubu mweupe wa kwenye barafu tu.

Sasa watu wanadhani ukishuka uwanja wa ndege utawakuta barabarani. Hapana. Wengi wako ndani ya hifadhi ya taifa, Kodiak National Wildlife Refuge, iliyoanzishwa 1941 na Rais Franklin Roosevelt, inachukua kama theluthi mbili ya kisiwa na haina barabara hata moja. Unaingia kwa boti au kwa vile vindege vidogo vinavyotua kwenye maji. Mnaruka mjini, mnatua ziwani, mnatembea na mwongozaji mpaka kwenye mto ambako samoni wanapanda, mnakaa kimya mnatazama. Frazer ni mahali maarufu kwa hilo, kuna maporomoko ambayo wamejengea samaki ngazi ya kupandia, na dubu wanaijua hiyo ngazi vizuri kuliko wahandisi walioijenga. Mara nyingine marubani wanavuka Shelikof kabisa wanawapeleka watu pwani ya Katmai bara, kwa sababu siku hiyo dubu wako kule. Usilalamike ukiambiwa hivyo, rubani anajua anachofanya.

Bei? Ni mamia ya dola kwa kichwa kwa nusu siku. Ndo kitu ghali kuliko vyote safarini, na kwa maoni yangu ndo kitu cha mwisho kukibania. Bania hoteli, bania gari, hapo lipa.

Halafu ujue hata samaki wakiwepo si mkataba. Mwaka 2015 kulikuwa na joto, matunda mekundu ya mti wa elda yakaiva mapema, yakaangukia wakati ule ule samoni wamejaa vijitoni eneo la Karluk, na dubu wakaacha samaki wakapanda milimani kula matunda. Wanasayansi waliokuwa wanawafuatilia walishangaa nao. Sasa wewe uliyekuja na kamera kubwa siku hiyo utamshtaki nani.

Si hatari?

Dubu wa Kodiak wanakutana na watu wengi sana kila mwaka, wavuvi, wawindaji, watalii, na kushambulia mtu ni nadra. Nadra si kwamba haitokei. Kinachowaponza watu ni kumshtua dubu kwenye vichaka virefu, kumkaribia mama mwenye watoto, au kuacha chakula hovyo.

Ukitembea porini ongea, imba, piga makofi, hasa upepo ukiwa unakupiga usoni maana hapo hakusikii harufu yako. Ukikutana naye usikimbie hata iweje, simama, ongea naye kwa sauti ya kawaida, nyanyua mikono polepole, rudi nyuma kidogo kidogo. Kama unavua na dubu anakuja kwenye mto, acha kuvua. Kama una samaki kwenye mshipi anarukaruka kata huo mshipi, maana ule mlio wa samaki akipigapiga maji ndo kengele ya chakula kwake. Dubu akijifunza mara moja kwamba binadamu ana samaki wa bure, huyo dubu ameshaharibika, na mwisho wake anapigwa risasi kwa kosa la mtu aliyeona uchungu kuachia samaki mmoja.

Spreyi ya pilipili ya kumfukuzia dubu usiinunue nyumbani kwako, hairuhusiwi kwenye ndege za abiria, si mkononi si kwenye sanduku. Nunua mjini Kodiak. Na ukipanda kindege cha kutua majini mwambie rubani unayo, asiikute imejificha kwenye begi, ikipasuka humo ndani ya kibini mnapofuka wote.

Ukiacha dubu kuna wanyama gani?

Cha ajabu ni kwamba wanyama wa nchi kavu wa asili pale ni wachache mno, sita tu: dubu, mbweha mwekundu, fisi maji wa mtoni, kicheche mdogo, popo na panya wa nyasi. Hakuna mbwa mwitu, hakuna dubu mweusi, na nyoka hakuna kabisa (najua kuna watu jibu hili peke yake limeshawauzia tiketi). Kulungu, mbuzi wa milimani, na wale elki (kulungu wakubwa) wa kisiwa jirani cha Afognak waliletwa na watu karne iliyopita kwa ajili ya kuwinda, wakazaliana.

Utajiri wenyewe uko baharini na angani. Tai wa kichwa cheupe wamejaa, wengine wanakaa juu ya nguzo za bandarini wanasubiri mabaki ya samaki. Simba bahari wanalala kwenye gati pale pale mjini, wanakoroma, wananuka, na wanagombana mchana kutwa, ukipita karibu usiende kupiga selfi nao, ni wanyama wa mamia ya kilo na wana meno. Kuna fisi maji wa baharini wanaoelea chali, kuna ndege pafini wenye midomo ya rangi kiangazi, na nyangumi wa aina nyingi. Nyangumi wa kijivu wanapita majira ya kuchipua wakielekea kaskazini, na ukisimama sehemu ya juu pale Narrow Cape na darubini una nafasi nzuri ya kuwaona wakipumua.

Nataka kuvua, naanzia wapi?

Anzia kwenye leseni. Kila mgeni wa miaka 16 kwenda juu lazima awe na leseni ya uvuvi wa fimbo ya jimbo la Alaska, inanunuliwa mtandaoni kwa Alaska Department of Fish and Game, ipo ya siku moja, ya siku kadhaa, ya mwaka. Ukitaka kuvua samoni king unaongeza stampu yake. Ukiona wenyeji wanatumia nyavu kujichukulia samaki wa nyumbani usiige, huo ni uvuvi wa wakazi wa Alaska, mgeni akifanya ni kesi, na maafisa pale hawana utani, wanaweza kuchukua na vifaa.

Idadi ya samaki unayoruhusiwa kwa siku inatofautiana mto na mto, aina na aina, na inaweza kubadilika katikati ya wiki kama samaki waliopanda ni wachache. Serikali inawahesabu samaki wakipanda kwa kuweka uzio mtoni wenye mlango mdogo, idadi ikiwa chini wanafunga, ikizidi wanalegeza. Mimi huu utaratibu naupenda sana, na kila nikiuona nawaza maziwa yetu na mwambao wetu, lakini hiyo ni mada nyingine.

Bila kukodi boti wala ndege unaweza kuvua vizuri tu. Mto Buskin uko karibu na uwanja wa ndege, ndo wa watu wote. Pasagshak ni mbali kidogo lakini wekundu na wa fedha wapo. American na Olds kwa pinki na wa fedha. Na kama hutaki kabisa kuingia mtoni, pale Mill Bay mjini watu wanarusha ndoana kutoka ufukweni, wanatoka kazini wanapita na fimbo zao. Vaa gambuti ndefu za mpaka kifuani, maji ni ya baridi ya kuumiza mifupa.

Halibuti ni habari nyingine. Huyo ni samaki bapa wa chini, anaweza kuwa mkubwa kuliko wewe, na unahitaji boti yenye nahodha. Boti za kukodi zina sheria zake: kuna mipaka ya idadi na urefu wa samaki, na kuna siku za wiki ambazo haziruhusiwi kuvua halibuti, kwa hiyo muulize nahodha kabla ya kubuku, usije ukalipa hoteli siku ambayo anayetakiwa kuvuliwa yuko likizo. Ukivuta yule mkubwa kabisa wengi watakushauri umwachie, ni jike la kutaga, na nyama ya wale wa kati ni tamu zaidi.

Na wale kaa wakubwa wa kwenye tivii?

Kodiak ilikuwa mji mkuu wa kaa hao, miaka ya 1960 walivua mpaka wakachoka. Wakaisha. Uvuvi wa biashara wa kaa mwekundu kuzunguka Kodiak umefungwa tangu 1983 na mpaka leo hawajarudi kwa wingi wa kufungua. Kaa utamkuta kwenye sahani ndiyo, ila yule mwekundu mkubwa mara nyingi katoka bahari ya Bering.

Naweza kuondoka na samaki wangu?

Ndiyo. Kuna watu mjini kazi yao ndo hiyo, wanakata minofu, wanatoa hewa kwenye mifuko, wanagandisha, wanakupakilia kwenye boksi. Mashirika ya ndege ya Alaska yamezoea maboksi ya samaki kama sisi tulivyozoea mifuko ya Rambo, yako mengi kwenye mkanda wa mizigo pale Anchorage kuliko masanduku. Ukiishi Marekani inafika vizuri. Kuvuka nayo mpaka Dar au Mombasa ni saa nyingi mno na kuna masharti ya kuingiza nyama na samaki, mimi ningewalisha ndugu walioko Seattle au Minnesota nikaishia hapo.

Kome na chaza si ziko bure ufukweni? Niokote?

USIOKOTE. Najua mtu wa pwani akiona maji yamepwa na miamba imejaa kome mkono unamwasha. Lakini Kodiak ina historia mbaya ya sumu ya kupooza inayotoka kwenye vijimea vidogo mno vya baharini, inakusanyika ndani ya kome na chaza, haina harufu, haina ladha, na kupika hakuitoi. Mdomo unaanza kufa ganzi, afu vidole, afu pumzi. Watu wameshakufa Alaska kwa hilo. Kula za dukani au hotelini, hizo zinapimwa.

Kama sina hela ya kindege, kuna cha kufanya?

Kipo tele, na hapa ndo naona watu wanaidharau Kodiak. Barabara zote ukijumlisha ni kama kilomita 160, zinatoka mjini zinaenda kwenye ghuba na fukwe. Kodi gari (buku mapema sana, magari ni machache na kiangazi yanaisha) na una siku tatu nne za kutembea bila kurudia.

Nenda Fort Abercrombie, ngome ya vita vya pili vya dunia juu ya majabali, mizinga na mahandaki bado yapo kwenye msitu ambao kila mti umefunikwa na vimea laini vya kijani, na kuna jumba dogo la makumbusho ya kijeshi. Panda Pillar Mountain juu ya mji, zile pangaboi sita za upepo ziko pale, na pamoja na umeme wa maji kutoka Terror Lake ndo zinatoa karibu umeme wote wa mji na pembeni yake bila kuchoma dizeli. Jua likitoka utaona visiwa mpaka macho yachoke. Endesha mpaka Pasagshak, mbele yake kuna ufukwe wenye mawe ya visukuku, na njiani unapita kituo cha kurushia roketi katikati ya ng'ombe na nyati wa kufugwa. Sijui nani alipanga hivyo lakini inapendeza.

Mjini kituo cha wageni cha hifadhi ni bure na wamening'iniza mifupa ya nyangumi wa kijivu mzima. Kituo cha utafiti wa samaki kule Near Island, unavuka daraja tu, kina matangi ya viumbe wa baharini, watoto wanaruhusiwa kugusa baadhi. Makumbusho ya Alutiiq usiyakose.

Hao Alutiiq ni kina nani?

Wenyeji wenyewe wa kisiwa, wengine wanajiita Sugpiaq. Wako pale zaidi ya miaka 7,000, watu wa bahari, mabingwa wa mitumbwi ya ngozi. Warusi walifika kufuata manyoya ya fisi maji, na 1784 Grigory Shelikhov na watu wake wakawashambulia Alutiiq waliokuwa wamejificha kwenye mwamba mmoja wakawaua kwa mizinga, wengi sana, wanawake na watoto humo humo. Baada ya hapo wanaume wakalazimishwa kuwinda kwa ajili ya kampuni yake. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa sana biashara za namna hiyo. Urusi iliuza Alaska kwa Marekani mwaka 1867, lakini kanisa la Kiothodoksi lilibaki, makuba yake ya buluu utayaona mjini, na waumini wake wengi ni Alutiiq wenyewe.

Leo mjini utakutana pia na Wafilipino wengi sana, walikuja na kazi za viwanda vya samaki, wameweka mizizi. Kama umemisi wali na samaki aliyekaangwa kwa heshima, uliza wanakula wapi hao.

King'ora kimelia, tukimbie?

Kama ni Jumatano saa nane mchana, ni majaribio, endelea na chai. Siku nyingine yoyote, au ardhi ikitetemeka kwa muda mrefu hata bila king'ora, panda juu mara moja, usirudi kuchukua begi. Tarehe 27 Machi 1964 tetemeko la ukubwa wa 9.2 lilileta tsunami iliyofagia katikati ya mji wa Kodiak na bandari yake, na watu wa kijiji cha Afognak walihama moja kwa moja, ndo waliojenga Port Lions. Kabla ya hapo, Juni 1912, volkano ya Novarupta ililipuka kilomita 160 hivi kutoka pale, majivu yakafunika mji, giza karibu siku tatu, watu wakakimbilia kwenye meli. Wenyeji hawaongelei mambo haya kila siku lakini mabango ya njia za kukimbilia yapo kila mahali, yasome siku ya kwanza.

Nivae nini?

Koti la mvua la kweli na suruali yake. Mwavuli uache, upepo utaugeuza dakika ya kwanza. Kiangazi ni nyuzi 10 mpaka 16 hivi za selsiasi, kwa hiyo sweta la sufu ndani, jinzi usizitegemee maana zikilowa hazikauki. Mbu wapo ila hawana malaria, wasumbufu zaidi ni vile vijinzi vidogo vinavyouma, beba dawa ya kujipaka. Na kuna mmea mrefu wa maua meupe wenyeji wanauita pushki, maji yake yakigusa ngozi kisha jua likapiga unapata malengelenge, usiukate wala usiushike.

Swala na chakula vipi?

Samaki hana neno, na supamaketi zipo, Safeway na Walmart, bei juu kuliko bara kwa sababu vitu vingi vinaletwa kwa meli. Ukitaka nyama ya kuchinjwa ibebe imegandishwa kutoka Anchorage.

Swala inahitaji maandalizi. Mwezi Juni jua linazama saa tano usiku na kitu na linachomoza saa kumi na moja alfajiri, na katikati hapo giza kamili haliingii kabisa, kwa hiyo programu ya simu inaweza kukupa saa za ajabu za isha na alfajiri kutegemea imesetiwa vipi. Muulize imamu wako kabla hujaondoka mfuate hesabu gani. Kibla nacho kitakushangaza, kiko karibu na kaskazini, usibishane na dira. Ukipiga simu nyumbani kiangazi kumbuka Afrika Mashariki iko mbele saa 11.

Netiweki ipo?

Mjini ipo. Ukishatoka na barabara inakatika haraka, na kwenye hifadhi hakuna. Pakua ramani.

Nimeona matangazo ya kazi kwenye viwanda vya samaki huko, naweza kwenda na viza ya kutembea nikaunganisha?

Hapana, viza ya kutembea hairuhusu kazi, ukikamatwa umeharibu na za mbeleni. Mwenye kibali cha kazi Marekani, hilo ni jambo jingine, viwanda vya Kodiak vinafanya kazi miezi mingi ya mwaka tofauti na vile vya msimu mfupi sehemu nyingine za Alaska, na waajiri wanatangaza wenyewe kwenye tovuti zao. Ni kazi ya kusimama kwenye maji na baridi, zamu ndefu mno samaki wakijaa, na wiki samaki wasipoingia hata saa za kulipwa zinapungua, hilo wanaotangaza hawalisemi sana. Yeyote anayekudai hela umtumie kwanza ndo akuunganishe na kiwanda, mblock.

Siku ngapi zinatosha?

Tano kisiwani kama unataka dubu, maana kindege kinaweza kuahirishwa leo na kesho kikaruka keshokutwa. Buku safari ya dubu siku ya kwanza au ya pili, si ya mwisho, ikiahirishwa una pa kuisukumia.